Namna ya Kuipata Siku ya Sikukuu ya Kihindu kwa Hesabu ya Mwezi Ukiwa Afrika Mashariki

Kila mwaka Oktoba inapokaribia, watu wanaofanya kazi, biashara au ujirani na familia za Kihindu huuliza swali moja kuhusu sikukuu ya taa: Diwali ya mwaka huu ni tarehe ngapi? Mara nyingi hupewa majibu mawili, kila moja kutoka kwa mtu anayeaminika, na mwishowe hudhani kwamba Wahindu wenyewe hawana hakika. Hakika ipo, tena inapatikana kwa hesabu ambayo mtu yeyote ajuaye kujumlisha na kutoa anaweza kuifuata. Lililo muhimu ni kutambua kwamba nyingi ya sikukuu hizi hazikuwekwa kwenye tarehe, bali kwenye tithi, yaani siku ya mwezi wa angani, na kwamba tithi hiyo lazima iwepo katika saa maalumu, kwa hesabu ya mahali ulipo wewe.

Mimi nilijifunza jambo hili kazini. Nilikuwa mtunza hesabu katika duka la vitambaa la familia moja ya Kigujarati jijini Dar es Salaam, na kwa wafanyabiashara wa Kigujarati Diwali ni pia siku ya kufunga hesabu za mwaka. Jioni hiyo vitabu vipya vya hesabu, vyenye majalada mekundu, huwekwa mbele ya sanamu ya Lakshmi, mungu wa kike wa mali, na kuombewa katika ibada iitwayo Chopda Pujan, na ukurasa wa kwanza huandikwa maneno mawili, Shubh na Labh, yaani heri na faida. Nisipojua siku kwa hakika, sijui ni lini nifunge kitabu cha zamani. Aliyenifundisha ni mama mzazi wa mwenye duka, ambaye sote, kuanzia wapagazi hadi wajukuu, tulimwita Ba.

Kabla ya hesabu, neno moja la lugha. Kiswahili kinatofautisha Mhindi, mtu mwenye asili ya India, na Mhindu, mfuasi wa dini ya Kihindu. Wapo Wahindi walio Waislamu, Wajaini, Masingasinga na Wakristo, kwa hiyo usimpe kila Mhindi salamu za Diwali bila kujua ni ya kwake au la.

Tithi ni nini

Mwezi hukimbia angani kuliko jua. Zikikutana upande mmoja, tunasema mwezi umefichika, nao Wahindu huita hali hiyo Amavasya. Kutoka hapo mwezi huanza kuliacha jua, na kila unapoongeza umbali wa nyuzi 12, tithi moja imekwisha na nyingine imeingia. Duara zima lina nyuzi 360, hivyo tithi ni 30 kwa kila mzunguko wa mwezi, ambao huchukua takriban siku 29 na nusu. Ukigawa utaona kwamba tithi moja, kwa wastani, ni saa 23 na dakika 37, pungufu kidogo ya siku yetu ya saa 24. Lakini mwezi hauendi kwa mwendo ule ule siku zote: unapokuwa karibu na dunia huongeza kasi, na unapokuwa mbali huipunguza. Kwa sababu hiyo tithi moja yaweza kuwa fupi kama saa 20 na nyingine ikafika saa 26 na zaidi.

Hapa ndipo chanzo cha majibu mawili. Tithi yaweza kuanza saa yoyote, iwe alasiri, iwe usiku wa manane, ikaisha saa nyingine isiyolingana na mwisho wa siku ya kalenda. Tarehe moja ya kalenda ya ukutani kwa kawaida hugusa tithi mbili. Kanuni ya jumla ni kwamba siku huchukua jina la tithi iliyopo jua linapochomoza. Tithi fupi ikianza baada ya jua kuchomoza na kuisha kabla ya macheo ya kesho yake, hakuna siku itakayobeba jina lake. Na tithi ndefu ikiwapo katika macheo mawili, siku mbili zitabeba jina moja. Ukiona kalenda ya Kihindu imeruka kutoka siku ya saba hadi ya tisa, si kosa la mpiga chapa.

Tithi 30 zimegawanyika mafungu mawili ya 15. Fungu la mwezi unaokua, kutoka giza hadi mwezi mpevu, huitwa Shukla. Fungu la mwezi unaopungua huitwa Krishna. Majina mengi ni ya namba za Kisanskriti: Pratipada ni ya kwanza, Chaturthi ya nne, Ashtami ya nane, Navami ya tisa, Dashami ya kumi, Ekadashi ya kumi na moja, na kadhalika hadi Chaturdashi, ya kumi na nne. Ya kumi na tano katika mwezi unaokua ni Purnima, mwezi mpevu, na katika mwezi unaopungua ni Amavasya. Majina haya hurudi katika mafungu yote mawili, hivyo anayekwambia “Ashtami” bila kutaja fungu hajakwambia kitu kamili.

Jina la mwezi lisikuchanganye

Kwa kila sikukuu unahitaji kujua mambo matatu kutoka kwa wenyewe: jina la mwezi, fungu, na tithi. Diwali ni Amavasya ya Ashwin. Rama Navami ni Shukla Navami ya Chaitra. Ganesh Chaturthi ni Shukla Chaturthi ya Bhadrapada. Navaratri, sikukuu ya usiku tisa, huanza Shukla Pratipada ya Ashwin, na siku ya kumi yake ndiyo Vijayadashami.

Ukikutana na kitabu kisemacho Diwali ni Amavasya ya Kartika, usidhani kimekosea. Gujarat, Maharashtra na majimbo ya kusini mwa India huhesabu mwezi kuisha kwa giza, ilhali sehemu kubwa ya kaskazini huuhesabu kuisha kwa mwezi mpevu. Fungu la mwezi unaokua huwa na jina moja kwa wote, lakini fungu linalopungua hutofautiana kwa jina moja mbele. Ndiyo maana Janmashtami, kuzaliwa kwa mungu Krishna, kwa Mgujarati huangukia Krishna Ashtami ya Shravana, na kwa mtu wa Varanasi, mji wa kaskazini, ni ya Bhadrapada, nao husherehekea usiku ule ule. Familia nyingi za Kihindu za Afrika Mashariki asili yao ni Gujarat, hasa Kutch na Kathiawar, kwa hiyo kalenda utakayoikuta ukutani hapa aghalabu ni ya namna ya kwanza.

Saa ya ibada

Macheo ndiyo kanuni ya jumla, lakini sikukuu kubwa zina saa zake, na hili ndilo jambo ambalo wengi hawalijui. Tithi ikiwapo katika saa hiyo, siku hiyo ndiyo sikukuu, hata kama asubuhi yake ilikuwa na tithi nyingine.

Wahindu hugawa mchana, kutoka macheo hadi machweo, katika sehemu tano zilizo sawa. Sisi tulio karibu na ikweta tuna bahati, kwa kuwa mchana wetu hukaribia saa 12 mwaka mzima, na saa ya Kiswahili yenyewe huhesabiwa kutoka macheo. Kila sehemu kwa hiyo ni saa 2 na dakika 24. Sehemu ya tatu, madhyahna, huanza takriban saa 4:48 asubuhi na kuisha saa 7:12 mchana. Hiyo ndiyo saa ya Rama Navami na Ganesh Chaturthi, kwa kuwa miungu Rama na Ganesh huaminiwa kuwa walizaliwa wakati huo. Sehemu ya nne, aparahna, huendelea hadi saa 9:36 alasiri, nayo ni ya Vijayadashami na Raksha Bandhan, siku ambayo dada humfunga kaka uzi mkononi. Saa chache za mwanzo wa usiku, baada ya machweo, huitwa pradosha, nazo ndizo za ibada ya Lakshmi siku ya Diwali. Katikati ya usiku, nishita, ni ya Janmashtami na Maha Shivaratri, usiku wa mungu Shiva.

Kwa sikukuu hizi mbili za mwisho, msemaji wa Kiswahili awe na hadhari maalumu. Sisi tumezoea kwamba usiku hutangulia mchana wake, ndipo tukasema usiku wa kuamkia Ijumaa. Kwa Wahindu siku huanza macheo, na usiku ni wa siku iliyokwisha kuchwa. Mtu akikwambia Shivaratri ni usiku wa Jumatano, maana yake ni usiku wa kuamkia Alhamisi. Nimeona watu wakifika hekaluni na maua usiku mmoja kabla, wakakuta taa zimezimwa na mlinzi peke yake.

Geuza saa kabla ya kuhukumu

Saa za kuanza na kuisha kwa tithi utazipata katika panchang, kitabu cha mwaka kinachoonyesha mambo matano ya kila siku, tithi ikiwa mojawapo. Nyingi ya panchang, ziwe za karatasi au za kwenye simu, hutolewa kwa saa za India. Kwa Tanzania, Kenya na Uganda, toa saa 2 na nusu. Kwa Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, toa saa 3 na nusu. Aliyeko Muscat hutoa saa 1 na nusu. Tithi yenyewe huanza kwa wakati mmoja duniani kote, maana ni hali ya mwezi na jua. Kinachobadilika ni saa ya ukutani kwako na saa ya macheo na machweo ya kwenu.

Ba alikuwa na kalenda kubwa iliyoletwa kutoka Rajkot, mji wa Gujarat, iliyotundikwa nyuma ya mlango wa jikoni, na kwenye pembe ya kila mraba aliandika kwa penseli saa za hapa, kwa tarakimu ndogo zilizosimama wima. Alikuwa akianza na Januari, akifika Desemba anarudia kuhakiki. Mwaka 2023 sikuitazama penseli yake, na nikakosea. Raksha Bandhan huwa Purnima ya Shravana. Mwaka ule Purnima ilianza tarehe 30 Agosti saa 4:58 asubuhi kwa saa za India, lakini nusu ya kwanza ya Purnima huitwa Bhadra, na katika Bhadra uzi haufungwi. Ilikwisha saa 3:01 usiku. Purnima yenyewe iliisha tarehe 31 saa 1:05 asubuhi. Nilisoma mahali kwamba watu wengi wa India wangefunga asubuhi ya tarehe 31, kabla ya saa 1:05, nikaagiza mikate na vitamu vya dukani vifike alfajiri hiyo. Toa saa 2 na nusu: kwetu Bhadra iliisha tarehe 30 saa 12:31 jioni, na Purnima ikaisha saa 10:35 alfajiri, jua la Dar es Salaam likiwa bado halijachomoza. Asubuhi ya India kwetu haikuwapo kabisa. Wasichana walifunga nyuzi jioni ya tarehe 30, mara baada ya machweo, na mzigo wangu ulifika siku iliyofuata, sherehe ikiwa imekwisha. Ba hakunikaripia. Alinipa penseli.

Mfano wa Diwali ya 2024

Mwaka huo mabishano yalikuwa makubwa hata India kwenyewe. Amavasya ilianza tarehe 31 Oktoba saa 9:52 alasiri kwa saa za India, ikaisha tarehe 1 Novemba saa 12:16 jioni. Jua la Delhi lilizama karibu saa 11:36 jioni, kwa hiyo Amavasya iligusa pradosha ya siku zote mbili: Alhamisi kwa ukamilifu, na Ijumaa kwa kama dakika 40. Wajuzi waligawanyika, wengine wakashika ya kwanza, wengine ya pili, na kila upande ulikuwa na hoja.

Sasa fanya hesabu ya hapa. Amavasya ilianza tarehe 31 saa 7:22 mchana, ikaisha tarehe 1 saa 9:46 alasiri. Machweo ya Dar es Salaam siku hizo ni karibu saa 12 na robo jioni, na Nairobi ni baada ya hapo kidogo. Ijumaa jioni Amavasya ilikuwa imekwisha zaidi ya saa mbili kabla ya jua kuzama. Kwa kanuni ya pradosha palibaki jioni moja tu, ya Alhamisi tarehe 31. Jambo lililowasumbua wajuzi wa Delhi, kwetu lilikuwa wazi.

Lakini mwaka mpya wa Kigujarati, ambao ni Shukla Pratipada ya Kartika, hufuata kanuni ya macheo. Ijumaa asubuhi jua lilichomoza Amavasya ingalipo; Pratipada ilikutwa na macheo ya Jumamosi tarehe 2 Novemba. Basi Ijumaa ikabaki katikati, si Diwali wala mwaka mpya. Wagujarati wanalo jina la siku ya namna hiyo, dhoko, nayo haina shughuli ya sherehe. Kwa mtunza hesabu siku hiyo ina maana kubwa: vitabu viliombewa Alhamisi jioni, vikakaa juu ya kitambaa chekundu Ijumaa kutwa bila kuandikwa kitu, na mwamala wa kwanza wa mwaka 2081 wa hesabu ya Vikram, kalenda wanayoifuata Wagujarati, ukaingizwa Jumamosi. Mteja aliyelipa Ijumaa, malipo yake niliyaandika katika karatasi ya pembeni.

Madhehebu hutofautiana kihalali

Hata baada ya hesabu sahihi, mahekalu mawili ya mji mmoja yaweza kutangaza siku mbili. Mwaka 2025 Ashtami ya Janmashtami ilianza kwa saa zetu Ijumaa tarehe 15 Agosti saa 3:19 usiku, ikaisha Jumamosi saa 1:04 usiku. Wanaoshika usiku wa manane walifunga Ijumaa. Wengi wa Vaishnava, waja wa mungu Vishnu, ambao huitazama Ashtami ya macheo, walifunga Jumamosi. Hapa hakuna wa kusahihishwa. Muulize mwenyeji wako familia yao hufuata hekalu lipi, kisha fuata tangazo la hekalu hilo. Nchini Kenya, ambako sheria inaitambua Diwali kuwa sikukuu ya mapumziko kwa watu wa dini ya Kihindu, mwajiri atafuata siku iliyotangazwa na serikali. Tanzania haina sikukuu hiyo kisheria, hivyo ruhusa hupangwa kazini, na ni vema mfanyakazi aombe mapema kwa siku zote kuanzia Diwali hadi mwaka mpya, dhoko isije ikamkata.

Tofauti kama hiyo hutokea mara nyingi zaidi katika Ekadashi, mfungo wa siku ya kumi na moja, unaorudi mara mbili kila mwezi. Vaishnava hutaka Dashami iwe imekwisha dakika 96 kabla ya macheo. Ikiwa ingalipo, husogeza mfungo hadi kesho yake. Siku hiyo wafungaji hawali nafaka wala jamii ya kunde. Ukimkaribisha rafiki, wali, chapati na maharage viweke kando. Viazi, matunda, maziwa, karanga na sabudana, ambazo ni punje za wanga wa muhogo, hukubalika katika nyumba nyingi. Mfungo hufunguliwa kesho yake baada ya jua kuchomoza, Dwadashi, tithi ya kumi na mbili, ikiwa haijaisha, na saa hiyo nayo igeuzwe kama nyingine.

Mwezi wa nyongeza

Miezi 12 ya angani ni siku 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Hesabu ya Kiislamu huuacha upungufu huo uendelee, ndiyo maana Ramadhani huzunguka misimu yote. Wahindu huufidia: takriban kila baada ya miezi 32 au 33 hutokea mwezi ambao ndani yake jua haliingii katika buruji mpya, nao huhesabiwa kuwa wa ziada, Adhika, ukifuatwa na mwezi wa kawaida wenye jina lile lile. Shravana ilirudiwa hivyo mwaka 2023, na Jyeshtha ya ziada ya 2026 ni kuanzia tarehe 17 Mei hadi 15 Juni. Sikukuu hazifanywi katika mwezi wa ziada, husubiri mwezi wa kawaida, na arusi pia huahirishwa. Kwa mfanyabiashara wa maua au vitamu kanuni ya haraka ni hii: mwaka usio na nyongeza sikukuu hurudi nyuma kama siku 11, na baada ya nyongeza husonga mbele kama siku 19. Diwali ya 2024 ilikuwa 31 Oktoba, ya 2025 ikarudi 20 Oktoba, ya 2026 inaruka hadi Novemba. Makar Sankranti haimo katika hesabu hii. Hufuata jua, na kwa miaka hii huwa tarehe 14 Januari au siku moja pembeni.

Jaribu mwenyewe kwa Diwali ya 2026. Panchang ya India itakuonyesha Amavasya kuanzia tarehe 8 Novemba saa 5:27 asubuhi hadi tarehe 9 saa 6:31 mchana. Kwa saa zetu ni saa 2:57 asubuhi ya Jumapili hadi saa 4:01 asubuhi ya Jumatatu. Pradosha yenye Amavasya ni ya Jumapili jioni. Macheo ya Jumatatu bado ni Amavasya, kwa hiyo Jumatatu ni dhoko, na mwaka mpya ni Jumanne tarehe 10. Taa na maua viagizwe vifike Jumamosi, vitabu vipya viwe mezani Jumapili kabla ya saa 12 jioni, na salamu za mwaka mpya, Saal Mubarak, zisubiri asubuhi ya Jumanne.